Mwito wa Pili

Jioni ile nilibeba feni ndogo ya kompyuta na hasira kubwa. Feni niliifuata Runzewe, kutwa nzima kwenye vumbi. Hasira nilipewa bure na Mwigulu, msimamizi wa duara, shimo la kuchimba dhahabu, aliyenisimamisha karibu na shimo lake kama mwizi.

"Martina, mwanamke hasogei hapa. Nikwambie mara ngapi?"

"Silitaki shimo lako. Namwita mdogo wangu."

"Mwite ukiwa hapo hapo. Na hiyo mashine yako inayokoroma, ipo siku tutaichoma moto."

Nikasonya. "Fredy!"

Nilimwona kabisa, hatua ishirini tu, anafunga kamba kiunoni. Hakugeuka.

"Fredy!"

"Naam, dada."

Ndivyo alivyokuwa, na alinikera. Bibi yetu kule Shinyanga alitulea kwa amri moja: ukiitwa giza likiingia, usiitike mwito wa kwanza. Kinachokutafuta kwa ubaya, alisema, huita mara moja tu. Mimi amri hiyo niliiacha chuoni. Fredy aliishika, hata kwa dada yake anayemwona kwa macho.

"Nimekuwekea michembe ya viazi na maziwa," nikamwambia. "Usichelewe."

"Wabeja, dada," akashukuru, akashuka shimoni.

Kazi yangu ni kutunza seva. Kuna programu huria ya kusomea vitabu vya shule bila intaneti, na mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuigawa. Seva kuu ya mradi iko ng'ambo, na kupakua kutoka huko ni mateso, kwa hiyo sisi wa kujitolea tumeweka seva za nakala karibu na watu. Yangu iko hapa Nyarugusu, chumba cha nyuma kwenye uwanja wa karasha la kusagia mawe, kwa sababu hapo umeme haukatiki ovyo. Seva za Chato na Runzewe huchukua kila kitu kutoka kwangu. Nilizipanga mwenyewe zisifute faili hata likifutwa kwangu, ili nikikosea, nakala zibaki. Nilijivunia sana mpango huo.

Masalu, aliyekuwa akiitunza kabla yangu, aliondoka bila kuaga na simu hapokei. Aliacha karatasi kwenye kabati la seva: JIONI INAULIZA MAJINA. USIIWEKEE JINA LA MTU.

Nilicheka, nikaichana. Lakini kwenye kumbukumbu za seva lilikuwepo kweli ombi moja kila siku, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Linataka faili lenye jina la mtu. Jilala. Donatus. Eliya. Seva inajibu: halipo. Anwani ya anayeomba ilikuwa ya seva yenyewe. Nikasema ni uchafu ulioachwa na yule mvivu, nitausafisha nikipata nafasi.

Kisha mvua ikalowesha daftari la duara, lile la kuandika nani kashuka na nani kapanda. Mwigulu alianza jipya, lakini Fredy akaniomba niwawekee kumbukumbu mahali pasipolowa. Asubuhi ile, kabla ya kwenda Runzewe, nikatengeneza faili kwa kila mchimbaji: jina, picha, ndugu wa kupigiwa simu duara likiporomoka. Nikayaweka kwenye seva, maana nafasi ilikuwepo tele. Karatasi ya Masalu sikuikumbuka hata kidogo.

Nilipofungua mlango wa chumba, harufu ilinipiga usoni. Udongo mbichi… jasho… moshi wa baruti. Harufu ya shimoni, kwenye chumba chenye sakafu ya saruji.

Nikawasha skrini.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Ombi: fredy.

Jibu: lipo. Linatumwa.

Faili la Fredy halikuzidi picha moja ya simu. Lakini kilichokuwa kinatoka kilikuwa gigabaiti sita. Tisa. Kumi na nne… na bado. Na ndani ya kabati, chini ya mngurumo wa feni mbovu, kitu kilikuwa kinapumua. Polepole. Kama mtu aliyebanwa kifua.

Nikalifuta faili. Namba zikaendelea kupanda. Nikang'oa waya wa mtandao, nikabaki nao mkononi, na taa ya kijani bado inapepesa. Nikazima kabati zima.

Kimya.

Lakini akili ya kazi haikuniacha. Nikafungua kompyuta yangu ya mkononi, nikaichungulia seva ya Chato kwa intaneti ya simu. Ombi lile lile lilikuwa limehamia huko. Lilikuwa limeendelea pale pale nilipolikata. Nikafuta Chato. Runzewe ikapokea. Mpango wangu mzuri… nakala zilibaki, kama nilivyotaka.

Kabla sijagusa kitu Runzewe, neno moja likatokea.

Limekamilika.

Nilikimbia. Nikampita Mwigulu, nikaipita na mipaka yake yote.

"Rudi nyuma, mchawi wewe!"

"Mpandishe Fredy! Mpandishe sasa hivi!"

Alinitukana, lakini akawaashiria watu wa winchi. Kamba ikapanda ikilia. Kichwa, mabega, kisha mdogo wangu mzima mzima, matope mpaka kwenye nyusi.

"Kuna nini, dada?"

Nililia mbele za watu bila haya. Nilimkumbatia kwa nguvu, na Mwigulu akaandika kwenye daftari lake: Fredy, kapanda. Baadaye tu ndipo nilipogundua kwamba hakuwa ananuka kitu. Wala udongo, wala jasho.

Tulirudi nyumbani, yeye mbele. Giza lilikuwa linaingia. Alitembea haraka, nikaachwa nyuma, nikaita ili anisubiri tu.

"Fredy!"

"Naam, dada."

Papo hapo. Hata sijalimaliza jina.

Aligeuka, akanitazama akitabasamu, anasubiri. Nilijiambia ni uchovu tu, ni woga wa amri ya bibi unaonirudia ukubwani. Kisha nikampa mgongo, nikaelekea kule duarani, nikaita tena kwa sauti ya chini.

"Fredy…"

Wa nyuma yangu hakusema kitu. Kutoka shimoni, mbali sana chini, ikaja sauti iliyochoka:

"Naam, dada…"

Sasa ni mwezi wa pili tangu jioni ile. Nimepiga magoti kwa Mwigulu, ananionyesha daftari: huyo kapanda, tumfuate nani tena chini? Duara wamelifunga kwa magogo, na mimi wananiita mchawi nikipita. Aliyepanda anakula mezani kwangu. Michembe haigusi.

Kila jioni naenda kwenye magogo, naye ananifuata. Naita mara moja, na naitikiwa nyuma ya sikio langu, upesi, kwa heshima zote. Naita mara ya pili, nainama kusikiliza. Mdogo wangu bado ananijibu, ila kila siku sauti yake inatokea chini zaidi, na jana ilibidi nilaze sikio kwenye udongo.