Aliyeonekana Kwenye Kioo

Ijumaa alasiri, saluni ya Shangazi Ruth karibu na soko la Daraja Mbili haikuwa na pa kuweka mguu. Wateja wengi walikuwa Waadventista, na kila mmoja alitaka kichwa chake kiwe tayari kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Mong'ina, mwanafunzi wa Gredi ya Sita, alifagia nywele, akachemsha maji, akakimbilia taulo, na bado akaitwa.

Mama Mose aliketi kona ya nyuma, akavua wigi. Dawa za hospitali zilikuwa zimemaliza nywele zake zote.

"Nisafishie wigi tu, Ruth," alinong'ona. "Hata mama kule Ikonge hajui kwamba naugua. Moyo wake ni dhaifu. Nataka nimwambie mwenyewe, polepole."

"Hayatoki hapa," Shangazi akamwahidi.

Mara misuko ya mteja mwingine, Maureen, ikakamilika, nayo ilipendeza kwelikweli.

"Mong'ina, mpige picha uweke kwenye stetasi yangu ya WhatsApp! Harakisha, jua linazama!" Shangazi alisema.

Mong'ina alipiga, akaituma. Hakuna aliyemwuliza Maureen kama amekubali, wala hakuna aliyetazama kioo kilichokuwa nyuma yake. Wateja walipotoka, Shangazi alizima simu yake na kuifungia kwenye droo. Hakukusudia kuigusa tena mpaka Jumamosi jioni. Ndivyo alivyofanya kila Sabato.

Mong'ina alikuwa akianika taulo nje wakati Duncan, mwendesha bodaboda, aliposimama.

"Huyu kwenye kioo si Mama Mose? Kumbe hana nywele!" alisema, akimwonyesha simu yake.

Mong'ina aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Akikaa kimya, picha itaonekana usiku kucha na kesho mchana. Akisema, atagombezwa, tena siku takatifu. Aliketi, akainuka.

"Una nini wewe? Mbona hutulii?" Shangazi aliuliza.

Mong'ina akamweleza yote huku akilia. Shangazi akatafuta ufunguo wa droo.

"Ng'ombe akitumbukia kisimani, hata siku ya Sabato hutolewa," alisema, akawasha simu na kuifuta ile picha. Kisha wakaenda wote wawili kwa Mama Mose kuomba radhi.

Walimkuta akilia. Kaka yake alikuwa ameiona picha na kumpigia. Kesho yake alfajiri Mama Mose alikwenda Ikonge, amfikie mama yake kabla ya midomo ya watu. Mama yake alilia naye, akamwombea, kisha akamgombeza kwa kumficha. Moyo wake ulistahimili.

Jumapili Shangazi alimketisha Mong'ina. "Kosa ni letu sote, na langu ni kubwa zaidi, maana biashara ni yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ipo, nami nilidhani ni ya kampuni kubwa za Nairobi. Picha ya mteja ni taarifa yake, hatuwezi kujitangazia nayo bila idhini yake. Siri ya mtu ni kama wigi lake, mwanangu. Mwenye kulivua ni yeye."

Tangu hapo kila mteja aliulizwa kwanza, na akaonyeshwa picha kabla haijatumwa. Ijumaa moja Mama Mose alikuja, nywele zimeanza kuchipuka.

"Na mimi huniulizi?" alimchokoza Mong'ina.

Mong'ina alisita. "Mama Mose, naomba ruhusa nikupige picha."

"Nakataa!" alijibu Mama Mose, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Asante kwa kuniambia, Mama," Mong'ina alisema, akairudisha simu kwenye droo.