Kurasa Mbili Tulizoziacha

Kwetu Wamagana ukungu hukaa mpaka saa nne. Nikienda kukamua ng'ombe asubuhi sioni hata banda, lakini miguu inaijua njia. Wakati huo Murugi, mke wa kijana wangu, ameshaondoka. Yeye ni mwalimu. Huvaa buti za mpira na kubeba viatu vya darasani kwenye mfuko. Tangu kijana wangu alazwe kaburini, tumebaki watatu: mimi, Murugi na mjukuu wangu Wendy.

Mwaka juzi shule ilimpa Murugi kazi ya kusimamia maktaba. Maktaba yenyewe ilikuwa stoo ya mahindi ya chakula cha watoto. Mpaka leo ukifungua mlango unanusa mahindi. Vitabu vilikuwa vichache na vingi vilikuwa vimeraruka. Kimoja tu ndicho watoto walikigombania. Kilikuwa kitabu chembamba cha hadithi za mito ya huku kwetu. Watoto arobaini na wawili, kitabu kimoja. Siku moja waligombana mpaka jalada likakatika.

Murugi aliona huruma. Alikichukua kitabu akaenda nacho Nyeri mjini, Majengo, kwa mama mmoja anayeitwa Chiku. Chiku ana duka la fotokopi karibu na msikiti. Murugi alimwomba atoe kopi ya kitabu chote, mara arobaini na mbili. Chiku alikifungua, akasoma ukurasa wa kwanza, akakirudisha juu ya meza.

"Kurasa mbili tatu nitakutolea, mwalimu," alisema. "Kitabu kizima, hapana. Kina mwenyewe."

Murugi alimwambia nakala hazitauzwa, ni za watoto wa shule. Chiku alijibu kwamba hata mboga za shamba la mtu haziwi zako kwa sababu unawapelekea watoto. Murugi alikasirika. Alitoka, akaenda duka lingine mtaa wa pili, na huko hakuna aliyemuuliza kitu.

Shule ilikuwa imempa karatasi chache. Ili zitoshe, aliacha kurasa mbili zisizo na hadithi. Moja ni ya mbele, yenye jina la mwandishi. Nyingine ni ya mwisho, yenye orodha ya majina. Mahali pa jina hilo, nyuma ya jalada, aliandika jina la shule, na mwalimu mkuu, Bwana Mwai, akapiga muhuri. Hakuwa na nia mbaya. Sisi watu wa huku tunapenda muhuri. Karatasi isiyo na muhuri hakuna anayeiamini, hata kama imeandikwa kweli tupu.

Wazazi walipiga makofi siku ya mkutano. Nami nilipiga.

Wendy alileta nakala yake nyumbani. Alinisomea nikimenya viazi. Ilikuwa hadithi ya mto uliohama usiku kwa sababu watu waligombana kwenye maji. Katikati ya hadithi akatokea mbuzi kilema mwenye pembe moja, akaufuata mto. Kisu kilisimama mkononi mwangu. Huyo mbuzi namjua. Hadithi ya mto wengi wanaisimulia, lakini mbuzi alikuwa wa mama yangu. Ni yeye tu aliyemtia mbuzi. Mama alifariki zamani, na hakujua kusoma.

Nilimuuliza Murugi shule ilimtoa wapi mbuzi huyo. Alicheka, akasema labda kila mto uko na mbuzi yake. Nikarudi kwenye viazi vyangu.

Shule jirani zilisikia. Walimu walikuja kuazima nakala, wakatoa nakala za nakala. Kabla ya mwaka kuisha, kitabu chenye muhuri wa shule yetu kilikuwa kimeenea eneo letu lote la Tetu.

Jumamosi moja mimi na Murugi tulipeleka kabichi soko la Karatina. Karibu nasi kulikuwa na mama muuza vitunguu. Kwenye pembe ya gunia lake alikuwa amepanga vitabu sita, na vumbi juu yake. Niliinama, nikaona mto na mbuzi kwenye jalada. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

"Hiyo kitabu naijua," nilimwambia. "Ni ya shule yetu."

Yule mama aliweka chini kitunguu alichokuwa akikimenya ganda.

"Hata wewe, mama?" alisema.

Jina lake ni Monicah. Alituambia kwamba kitabu ni cha baba yake, Mathenge, mwalimu aliyestaafu. Alipokuwa kijana alifundisha upande wetu. Kila Jumamosi alipanda baiskeli, akaenda nyumba kwa nyumba akiandika hadithi za wazee. Kukipiga chapa kulimchukua nusu ya maisha. Kisha akaanza kutembea shule kwa shule na begi lake, akiuza vitabu kimoja kimoja. Alitaka akivimaliza apige chapa kitabu cha pili, kabla macho hayajamwisha.

Mwaka jana aliingia shule moja ng'ambo ya bonde. Mwalimu mkuu wa huko alitoa nakala kwenye droo, akamwonyesha muhuri. Akamwuliza mbele ya walimu, mzee kama yeye haoni haya kuiba kitabu cha shule na kukiuza kama chake.

"Baba alirudi nyumbani akatundika begi kwenye msumari," Monicah alisema. "Hajawahi kulitoa."

Nilimtazama Murugi. Alikuwa ameshika jani la kabichi na kulikunja, kulikunja, mpaka likawa dogo kama kidole. Kisha alimwambia Monicah kwamba ni yeye aliyefanya hivyo. Monicah hakumtukana. Aliokota kitunguu chake akaendelea kumenya. Ingekuwa afadhali angemtukana.

Jumatatu Murugi alimweleza Bwana Mwai. Mwalimu mkuu aliogopa. Alisema nakala zote zikusanywe, zipelekwe jikoni, mpishi aziwashie moto wa kupikia githeri ya mahindi na maharagwe, na mambo yaishe. Murugi alijibu kwamba karatasi zitaungua, lakini mzee atabaki mwizi. Bwana Mwai akamwambia basi hilo ni jambo lake, na likileta taabu atalibeba peke yake pamoja na kazi yake.

Jioni hiyo Murugi hakula. Kesho yake nilivaa leso yangu nzuri, tukaenda wote Majengo kwa Chiku.

Murugi alimsimulia yote, na Chiku hakusema "nilikuambia." Alituwekea viti na chai. Alisema aliwahi kuitwa kwenye mafunzo ya watu wa fotokopi, na akaeleza polepole ili na mimi nielewe.

"Shosho," aliniita kama mjukuu anavyomwita nyanya yake, "mtu akiandika kitu, ni chake siku hiyo hiyo. Hahitaji muhuri wa mtu yeyote."

Nilimuuliza kama basi mwalimu hawezi kutoa kopi ya kitu chochote. Alisema la, sheria haijamfungia mwalimu mlango. Mwalimu anaweza kusomea darasa kipande. Anaweza kunukuu sehemu fupi anayoifundisha, mradi ataje jina la mwandishi na kitabu. Shule ikikusanya masomo yake katika kitabu kimoja cha kufundishia, inaweza kuchukua vipande vifupi visivyozidi viwili kutoka kwa kitabu cha mtu, na kusema vimetoka wapi. Na kitabu ambacho maktaba imenunua, iazime kwa watoto hata mia, mmoja akirudisha mwingine achukue.

"Lakini kizima?" Murugi aliuliza. "Na hatukuuza hata kimoja."

"Kizima ni kuomba ruhusa," Chiku alisema. "Kutouza hakukufanyi kuwa mwenyewe. Kila nakala uliyotoa, ni kitabu ambacho yule mzee hakuuza."

Ruhusa, alisema, unaomba kwa mwandishi au kwa mchapishaji. Kuna pia shirika linalowakilisha waandishi kwa mambo ya fotokopi, na shule inaweza kuchukua leseni kwake. Iwe kwa maandishi: kitabu gani, nakala ngapi, shule gani, kwa muda gani. Kisha alimtazama Murugi machoni. Kuchukua kazi ya mtu ni kosa, alisema, na kufuta jina lake ni kosa la pili. Mwandishi ana haki ya kutajwa hata akikupa kitabu bure.

Murugi aliandika yote kwenye daftari.

Tulimkuta mzee Mathenge nyumbani kwake, nje ya Karatina, ameketi na blanketi magotini. Begi lilikuwa kwenye msumari kweli. Murugi alipiga magoti akasema yote, bila kujitetea. Mzee alisikiliza, uso ukiwa umeelekea ukutani.

"Mtoto wangu," alisema mwishowe, "mimi siwezi kukushtaki. Sioni hata njia ya kwenda kortini. Lakini rudisha majina. Langu, na ya wale wazee."

Kisha aliniuliza mimi ni wa nani. Nilimwambia mimi ni binti ya Wacera wa Wambugu, wa Wamagana.

Aligeuza uso kwangu. "Jikoni mwao kulikuwa na moshi mwingi," alisema. "Alinipa uji, akanipa mbuzi wa pembe moja. Nilimwandika. Fungua ukurasa wa mwisho."

Monicah alinipa kitabu. Nilisoma miaka minne tu shuleni, na nasoma kwa kidole. Nilishuka na kidole mpaka jina la nne. Wacera wa Wambugu. Mama yangu hakuwahi kuandika jina lake. Kwenye kitambulisho aliweka kidole gumba. Nasi tuliuacha ukurasa huo ili kuokoa karatasi.

Mzee aliandika ruhusa siku hiyo, herufi kubwa zikitoka nje ya mstari. Ilisema shule yetu inaweza kubaki na nakala zile arobaini na mbili za maktaba, zikibandikwa kurasa zote mbili, na zisitolewe nyingine. Daftari la kitabu cha pili lilikuwa mezani. Lilikomea katikati ya hadithi moja ya mama yangu, pale mbuzi anapofika mlimani. Alisema macho yalikataa hapo, na mwisho wake ameusahau. Nilimwambia mimi naujua. Alinyoosha mkono, akashika wangu.

"Uje Jumamosi ijayo," alisema. "Njoo mapema."

Wiki hiyo Murugi alivuka bonde, akaenda shule ile iliyomwita mzee mwizi. Mwalimu mkuu wa huko alisema yeye alifuata muhuri tu. Lakini aliandika barua ya kuomba msamaha. Bwana Mwai naye, alipoona ruhusa ya mzee, aliona haya. Shule ikaamua kununua vitabu halisi, na akaziandikia shule zote zilizochukua nakala kwetu kwamba kitabu ni cha Mathenge, na ruhusa waiombe kwake.

Jumamosi tulifika mapema kama alivyosema, na barua ya msamaha mkobani. Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio. Tulikuta viti vya kukodi vimepangwa nje, na akina mama wakiosha sufuria. Mzee alikuwa ametutoka alfajiri ya Alhamisi. Monicah alichukua barua, akaisoma akiwa amesimama, kisha akaiweka ndani ya lile begi msumarini.

Nilidhani basi kitabu hakina mwenyewe tena. Chiku alinisahihisha. Haki haizikwi na mtu. Huenda kwa warithi wake, na hukaa miaka hamsini baada ya mwaka aliokufa. Sasa ruhusa tunaiomba kwa Monicah.

Leo mambo katika maktaba yanakwenda vizuri. Vitabu ishirini halisi viko kwenye rafu, na watoto huviazima kwa zamu. Nakala zetu zina kurasa mbili zilizobandikwa kwa gundi, nyeupe kuliko nyingine. Mwalimu akitaka kopi, Murugi humuuliza kwanza ni kipande au ni kizima, na jina la mwandishi liko wapi. Wengine wanamtania kwamba amekuwa polisi wa karatasi. Yeye huuliza vile vile.

Begi bado liko kwenye msumari. Lakini mwezi uliopita Monicah alitukabidhi lile daftari, na karatasi aliyoitia sahihi ya kuturuhusu kuendeleza hadithi ile iliyokatika. Nilikaa jikoni na Murugi. Mimi nitasema, yeye ataandika. Kabla ya neno la kwanza aliandika juu kabisa jina la Mathenge, na chini yake jina langu kama msimulizi.

Nilimwambia afute hapo kwangu, aanze na jina la mama yangu.