Aliyerekodiwa Bila Hodi

Kamera ililia ti-ti, kama inavyolia ikianza kurekodi. Sasa niambie wewe: helmeti yenye kamera imening'inia msumarini, betri yake iko mezani kando ya sahani, nani kaiwasha?

"Panya," alisema mume.

"Panya gani huyo anayebonyeza vitufe?" mke akamjibu.

Mume alikuwa mpeleka barua kwa baiskeli, na wenzake walimwita Shahidi. Mwaka juzi gari lilimgonga, dereva akaruka kimanga, na tangu siku hiyo hakupanda baiskeli bila kamera kichwani. Dereva akimtukana, yeye hugonga helmeti kwa kidole: "Rudia, kaka, hukusikika vizuri." Wakili mmoja aliyekuwa akimpelekea barua alimwonya mapema. "Barabarani ni pa wote, rekodi utakavyo. Lakini ukivuka lango la mtu, zima. Hapo ni kwake." Shahidi akaitikia ndiyo, ndiyo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatatu ya wiki hiyo mvua ilimkuta mbele ya lango la kijani, bahasha mkononi. Akasukuma, akaingia. Hakupiga hodi, hakuzima kamera. Uani palikuwa na kiti kimoja kitupu. Akaacha bahasha barazani, akatoka mbio. Alipotazama picha baadaye, kwenye kile kiti alikaa mtu aliyejifunika shuka gubigubi, ameinua kiganja mbele ya uso kama mtu anayekataa kupigwa picha. Shahidi akajiambia ni mvua tu. Hakumwambia mkewe, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Sasa ilikuwa Jumatano, na mke aliweka kijiko chini.

"Baba Kidoti, leo mchana ulikuja ukarudi?"

"Mimi? Nilikuwa upande wa pili wa mji."

"Mbona ulipiga hodi?" Sauti yake ilishuka. "Nilikuwa kwenye cherehani. Hodi mara tatu, sauti yako kabisa. Nikasema karibu. Mlango ukafunguka, hakuingia mtu. Ikaingia harufu ya nguo iliyolowa ikavunda."

Shahidi akaichomoa kadi ya kamera, akaitia kwenye simu, na wote wawili wakainama kutazama, na kilichokuwamo hakikuwa barabara wala magari bali meza yao hiyohiyo, chakula hichohicho, wao wenyewe wakila, wamechukuliwa kutoka juu, kwenye pembe ya dari, na mtu aliyekuwa akipumua taratibu karibu na kamera, na katikati yao binti yao wa miaka minne, Kidoti, ameinua uso, anamtabasamia huyo anayepumua.

Alhamisi palikuwa na picha nyingine, na Kidoti alikuwa karibu zaidi. Ijumaa uso wake ulijaa kioo chote. Na mtoto mwenyewe aliacha kucheza. Alisimama pembeni mchana kutwa akitazama dari, na mama yake akimwita haitiki, akimshika mkono ni wa baridi. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka.

Jumamosi asubuhi wakamwita bibi mganga. Alikuwa mfupi, mwenye hasira za karibu. Alitazama picha ya kiti, ambayo sasa Shahidi aliitoa, akamgeukia.

"Umeingia kwa mwenyewe bila hodi, ukachukua sura yake. Yeye ana adabu kukushinda. Alipiga hodi kwenu, akakaribishwa. Sasa anataka sura ya mtoto."

"Tufanye nini, bibi?" Shahidi alinong'ona.

"Rudi pale langoni. Piga hodi, omba radhi, vunja hiyo kadi, mwachie. Halafu siku saba, humu ndani asiseme mtu karibu, hata nikija mimi. Na wewe usipige hodi kwako. Mwenye nyumba haombi ruhusa."

Akafanya yote. Siku ya pili harufu ikaisha. Siku ya tatu Kidoti akaomba chakula, na mama yake akacheka na kulia kwa pamoja. Kukaribisha wageni hawakuthubutu. Jirani alipiga hodi akachoka. Mama mkwe alisimama nje na mzigo wake, akaondoka amenuna, na mpaka sasa hajawasamehe. Basi, potelea mbali, mtoto alikuwa anacheza.

Siku ya saba, saa nane mchana, Shahidi alirudi nyumbani kichwa kitupu, bila kamera, roho nyeupe. Aliegemeza baiskeli ukutani. Ndani alisikia cherehani ikizunguka, na Kidoti akiimba, na furaha ikampanda hata asijue mdomo wake unafanya nini.

"Hodi wenyewe!"

Cherehani ikanyamaza. Shahidi akajiziba mdomo, akiwa ameshachelewa, akasimama pale mlangoni akiomba kimya chote cha dunia kikae humo ndani, mke asijibu, mtoto asijibu, na kweli hawakujibu, akaanza kuvuta pumzi, akanyoosha mkono kwenye kitasa.

"Karibu," ilisema sauti kutoka ndani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Nani mwenzangu?"

Kitasa hakikugeuka. Humo ndani kamera ikalia ti-ti. Halafu akamsikia Kidoti, mchangamfu, akimjibu huyo wa ndani:

"Baba, nje kuna mgeni."