Jeshi la Maji Moto

Kila Jumamosi asubuhi, mama yake Getrude alipokwenda Zhanqian, soko la nguo mjini Guangzhou, China, kuchagua suruali za jinzi za kupeleka Mwanza, Getrude alikwenda tuisheni. Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya mgahawa wa Bi Swalha, barabara ya Huanshi Zhonglu. Watoto kumi na mmoja, Mwalimu Wekesa, na harufu ya pilau iliyopanda ngazi kuanzia saa nne na kumaliza akili za kila mtu.

Jumamosi moja mwalimu alifundisha habari za Marekani, zamani viwanda vilipoanza kule, karibu miaka mia mbili iliyopita. Alisema watu walichoshwa na mengi. Wengine walidai saa za kazi zipunguzwe, wengine utumwa ukomeshwe, wengine wanawake wapige kura. Na wengine walipiga vita pombe. Watu walitia saini karatasi za kuapa kwamba hawatakunywa tena, na hata watoto walikuwa na jeshi lao, Jeshi la Maji Baridi, wakiandamana na bendera.

Katika yote hayo Getrude alisikia neno moja tu: bendera.

Jumamosi iliyofuata alikuwa ameshajipa ukamanda. Adui alikuwa chai ya maziwa, ile ya baridi yenye vidonge vyeusi vya kutafuna, inayouzwa kila kona ya Guangzhou. Na kwa kuwa mji huu ukikaa mezani unaletewa maji ya moto hata kama nje jua linakaanga watu, jeshi likaitwa Jeshi la Maji Moto. Akabandika karatasi mbili ukutani. Moja ya walioapa. Nyingine, kwa wino mwekundu, ya wasaliti.

Kamanda huyo alikuwa na dharau kubwa kuliko kimo chake. Blessing, mtoto wa miaka minane, alilamba mrija wa kaka yake, akaandikwa msaliti. Hafidh alikataa kabisa kuapa. Alisema yeye hunywa kikombe kimoja kila Ijumaa na ataendelea. Getrude akamtazama kama nzi aliyeangukia supu, akawaamuru wengine wasikae naye. Nao wakatii. Watoto wazima, wenye akili zao, wakatii kalamu nyekundu. Mimi sina la kuwatetea.

Mtu mzima pekee aliyetia saini alikuwa Bi Swalha, naye aliapa kuacha sukari. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda mguuni kilichogoma kufunga. Daktari alimwonya kwamba asipoacha sukari anaweza kuupoteza mguu huo. Mumewe alimsihi, wanawe walimsihi, yeye akaendelea na vijiko vyake vitatu kila kikombe. Lakini kwa Getrude aliona haya. Alisema mtoto mdogo akijizuia, yeye mtu mzima hawezi kushindwa. Siku ishirini hakugusa sukari.

Siku ya ishirini na moja watoto walikuwa wamekaa mgahawani wakimsubiri mwalimu. Getrude aliingia wa mwisho, kifua mbele, akaanza hotuba juu ya watu dhaifu. Bi Swalha alimsikiliza huku akipangusa meza. Halafu akasogea karibu.

"Kamanda, una kitu cheusi kwenye jino."

Getrude akafunga mdomo. Bi Swalha akamwuliza kama ametoka kunywa chai ya maziwa.

"Mei you," akajibu Getrude, yaani hakuna, kama wauzaji wa Zhanqian wanavyokujibu wakiona uvivu kukutafutia saizi yako. Lakini kulisema neno hilo lazima ufungue mdomo, na kidonge kilikuwa palepale.

Hakuna aliyecheka. Bi Swalha akakaa taratibu, akaunyoosha mguu wenye bandeji, akavuta chai na bakuli la sukari.

"Kumbe siku zote hizi namfuata muongo," akasema. "Basi na miye ninywe."

Akatia kijiko cha kwanza. Cha pili. Getrude alikuwa na uongo mzuri tayari, kwamba alionjeshwa tu. Akaitazama ile bandeji. Kijiko cha tatu kilipoinuka, akaushika mkono wa Bi Swalha.

"Usinywe, Bi Swalha. Nimekunywa vikombe tisa tangu tuape. Nakunywa kule stesheni ya treni, halafu nafuta mdomo. Niandike mimi, lakini wewe usinywe."

"Tisa," akasema Bi Swalha. "Na wenzio ukawatemea mate kwa kulamba mrija."

Mwalimu Wekesa, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakumwokoa. Alisema hata kule Marekani wapo walioapa mbele ya watu kwa machozi, kisha wakanywa nyuma ya mlango. Kuandika jina ni kazi rahisi, hata mwizi anaweza. Kisha akauliza ni nani katika darasa lile aliyesema kweli tangu siku ya kwanza. Blessing akamnyooshea kidole Hafidh.

"Mimi nimekunywa vitatu," akasema Hafidh kwa aibu.

Getrude akamwomba radhi Blessing, kisha Hafidh, tena mbele ya wote. Bi Swalha akaimwaga ile chai kwenye sinki. Wakapatana kwamba kila wakionana, kila mmoja atataja ukweli wa alichokunywa. Siku nyingine Getrude alitaja kikombe kimoja. Siku moja Bi Swalha alitaja kijiko, kwenye harusi. Baada ya miezi mitatu kidonda kikafunga.

Siku bandeji ilipotoka, Getrude aliuliza kama waandike karatasi mpya.

"Ya nini?" akasema Bi Swalha. "Mguu wangu hausomi, mwanangu. Unajua nilichokunywa, basi. Ukishindwa, sema umeshindwa, kesho uanze tena. Na ile dharau yako iache. Wewe ulituambia ukweli siku moja, ukanisaidia kuliko siku ishirini ulizotutukana."