Fidla ya Ummy

Trupti, rafiki yangu wa Mchafukoge, si mtu wa kutunga maneno. Yeye na marehemu Ummy walikuwa wakipiga fidla bega kwa bega kwenye okestra ndogo inayorekodi muziki wa filamu. Ummy alifariki kwa malaria wakiwa wamebakiza kurekodi kipande kimoja tu, cha tukio la mama akimuaga mwanawe.

Wiki iliyofuata mama yake Ummy alimpigia Trupti simu kutoka Kariakoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naomba uniletee fidla yake. Nyumba imekuwa kimya mno."

Saa nane mchana Trupti akaenda studio. Chumba cha kurekodia hakina dirisha, na kuta zake zimefunikwa sponji, hata honi za barabarani hazisikiki. Sanduku la fidla lilikuwa juu ya kiti cha Ummy, limefungwa. Kabla hajaligusa, umeme ukakatika. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, kwa hiyo akasimama gizani akisubiri.

Ndipo nyuzi zikaanza kulia, taratibu, mbele yake hapohapo. Kilikuwa kile kipande kilichobaki. Kilipigwa mpaka mwisho, ila mara mbili kilikatika, kama mpigaji amezidiwa na kwikwi za kilio.

"Ummy," Trupti aliita, "mama anakusubiri."

Umeme uliporudi, sanduku lilikuwa bado limefungwa. Alilifungua, akaipapasa fidla. Pale Ummy alipozoea kuegemeza kidevu palikuwa na joto, tena pamelowa.