Milango Iliyofungwa

Mama Sanatu hukamua mafuta ya kokwa za mti wa shea pembezoni mwa mji wa Tamale. Kazi hiyo inakula maji. Kila kiangazi huenda bwawani kwa miguu, saa mbili kwenda na kurudi, ndoo kichwani.

Binti yake, Wunpini, ni karani wa takwimu wa halmashauri. Mwezi wa pili alitumwa kuwahoji wafanyabiashara wadogo wa mtaa wao habari za maji, ili halmashauri ijue kisima kipya kichimbwe mtaa gani. Walikuwa elfu moja na mia mbili. Kura ya bahati nasibu ilichagua arobaini, kila mmoja awasemee thelathini. Wunpini alimaliza kwa siku tatu, akajisifu kwa wepesi wake.

Matokeo yalipotoka, mama aliacha kula.

"Eti sisi maji tunayo? Kisima kinapelekwa mtaa mwingine?"

"Ndivyo watu walivyojibu, mama. Kati ya arobaini, sita tu ndio wanakosa maji. Halmashauri itaamua mwisho wa mwezi."

"Watu gani hao? Wa mbinguni?" Mama alijishika shingo. "Basi mimi mwakani sikamui tena. Nimechoka."

Maneno hayo yalimchoma Wunpini. Mafuta hayo ndiyo yaliyomsomesha.

Wiki hiyohiyo alipelekwa kwenye mafunzo ya siku tano ya takwimu za biashara. Mwalimu wao, Bi Memunatu, alikuwa mama mfupi asiyepaza sauti. Aliwataka waje na fomu zao.

"Hapa umekata majina kumi na moja," alimwambia Wunpini. "Kwa nini?"

"Nilikuta wamefunga, madam. Nikahoji majirani waliokuwepo, ili arobaini watimie."

"Na wenyewe walikuwa wapi?"

"Sikuuliza."

"Mwenye bomba mlangoni anashinda kazini kwake. Asiye na maji je, anashinda wapi?"

Wunpini akaelewa. Walikuwa bwawani! Alikwenda kuuliza habari za maji, akawaruka waliokwenda kuyatafuta.

"Kumi na moja mara thelathini," alisema taratibu. "Nimewanyamazisha watu mia tatu na thelathini."

Bi Memunatu hakumkemea. "Aliyechaguliwa na kura habadilishwi. Mfuate saa nyingine. Mpigie simu. Rudi hata mara nne. Ukimkosa kabisa, andika kwamba umemkosa. Usimweke mtu mwingine mahali pake."

Jina la saba kati ya yaliyokatwa lilikuwa Sanatu Iddrisu. Wunpini alikuwa amemkata mama yake mzazi kwa mkono wake, akijiambia kwamba wa nyumbani hatanuna akirukwa. Sasa aliona aibu.

Jumamosi alianza na huyohuyo, asubuhi na mapema, kabla hajaenda bwawani.

"Jina lako nani?"

"Leo hunijui?"

"Fomu ndiyo inauliza, mama."

"Basi andika: yule uliyemruka."

Wengine aliwafuata njiani, akaandika huku wakitembea na ndoo zao. Wote kumi na mmoja walikosa maji, ilhali majirani aliowaweka mahali pao walikuwa nayo wote. Sita wakawa kumi na saba. Alizidisha mara thelathini, akapata mia tano na kumi. Aliitazama hesabu hiyo kwa mshangao. Alikuwa ameongea na watu arobaini tu, lakini mtaa mzima ulikuwa umeingia katika karatasi zake.

Alizipeleka kwa mkuu wake na kukiri kosa. Mkuu alinuna siku nzima, kisha akazipeleka kikaoni. Halmashauri ikaamua kisima kiwe cha mtaa wao, na kabla ya kiangazi kingine kikachimbwa hatua chache kutoka kwa Mama Sanatu. Sasa anakamua mafuta mwaka mzima bila kwenda bwawani.

Siku ya kwanza ya kuteka maji, mama alimvuta binti yake pembeni.

"Ile siku uliyonihoji, nilikuwa nawasemea wangapi?"

"Thelathini, mama."

Mama aliigeukia foleni. Alianza kuwahesabu wanawake kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka akafika thelathini. Kidole kikabaki hewani. Hakuwajua hata nusu yao.