Nyuzi Sifuri, Kilomita Hamsini

Msiba ulianza katika kituo cha Majorstuen, Jumamosi moja ya Januari, saa nne asubuhi, pale Eskil Brattås alipokalia nta ya Torunn Haugli.

Haikuwa nta ya mshumaa. Ilikuwa ile ya kwenye tyubu, inayopakwa chini ya ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, siku ambazo theluji imegeuka barafu, na ambayo ikishika kitu haikiachii mpaka kiyama. Torunn alikuwa ameiweka kwenye kiti cha treni kwa dakika moja tu, apate kufunga zipu ya begi lake la kazi. Treni ilijaa. Nusu ya Oslo ilikuwa ikipanda msituni na ski zake, na hakuna aliyemsemesha jirani yake, maana kumsemesha usiyemjua ndani ya treni ni jambo la walevi na wageni. Ndipo akaingia kijana mrefu mwenye koti jekundu la anoraki, nywele za rangi ya majani makavu zikichungulia chini ya kofia ya sufu, akaketi.

Pfff, ikasema tyubu.

Torunn alifikiri kwa vituo vitatu. Kusema ni aibu, kunyamaza ni ukatili. Kituo cha nne, utu ukashinda malezi.

"Samahani," alinong'ona. "Umekalia nta yangu."

"Kiasi gani?" kijana akanong'ona naye, bila kugeuza shingo.

"Yote."

Kijana alijaribu kuinuka. Hakuinuka.

"Ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Mungu wangu. Nyekundu!" Akafumba macho kama mtu aliyesomewa hukumu. "Na mimi nashuka hapa."

"Hushuki. Hiyo mpaka ipigwe na baridi ndiyo inakatika. Twende hadi kituo cha mwisho, mlango ukifunguliwa upepo utakusaidia."

"Miaka kumi na minane nateleza kwenye theluji, sijawahi kunaswa na mtu namna hii."

"Usijipendekeze. Umenaswa na kiti."

Abiria mmoja, bibi mwenye miwani, alicheka kwa sauti, kisha akaona haya na kutazama dirishani.

Kule juu upepo uliingia, kiti kikamwachia Eskil, ila hakikuiachia suruali yake yote. Torunn akavua sweta aliyofumiwa na nyanya yake, yenye nyota nyeupe kifuani, akamfunga kiunoni ili kuficha kilichohitaji kufichwa. Eskil alimnunulia maandazi bapa ya moto yenye jibini ya kahawia. Walikula wamesimama, kwa sababu kukaa kulikuwa kumeshamtia hasara ya kutosha. Chini yao mji mzima ulilala mweupe hadi baharini. Torunn aliyeuona mji huo maisha yake yote aliuona upya, akaogopa kidogo, akasingizia baridi.

Baada ya hapo simu zilianza. Eskil alikuwa mtelezaji wa ski wa masafa marefu, siku nyingi yuko milimani akifanya mazoezi, na kila jioni baada ya chakula alipiga.

"Mpenzi, leo nimeteleza kilomita sitini."

"Kuna aliyekutuma?"

"Nilikuwa nakukimbia, nikashindwa."

"Ungekuwa unanikimbia mimi ungekwenda haraka zaidi. Nimeona muda wako."

Torunn naye alikuwa mdogo kuliko wote katika lori la nta la timu ya taifa. Kazi yao ilikuwa kupima theluji na kuamua ski zipakwe nini, na heshima yao nchini ilikuwa sawa na ya madaktari wa upasuaji, isipokuwa daktari akikosea hatukanwi na wananchi milioni tano kwa wakati mmoja. Mapenzi yao waliyaficha. Mkuu wa lori, Arnfinn, mtu mfupi mwenye ndevu zilizonuka nta hata Jumapili, alikuwa ametangaza mapema: mpakaji nta akipendana na mtelezaji, kila ski itakayokwama itaitwa ugomvi wa nyumbani.

Mwisho wa Februari mashindano ya dunia yakafika Holmenkollen, kilimani juu ya Oslo, na mtu mmoja wa timu akashikwa na homa. Nafasi yake katika mbio za kilomita hamsini, mbio ambazo kila mtoto wa nchi ile amewahi kuzishinda akiwa peke yake nyuma ya nyumba, ikaangukia kwa Eskil. Masharti yalikuwa mafupi. Akiingia kumi bora, anabaki timu ya taifa. Akikosa, anarudi kwao Rendalen kupasua mbao kwenye karakana ya baba yake, mwendo wa saa nne kwa treni na basi kutoka kwa Torunn. Arnfinn, asiyejua lolote, alimkabidhi Torunn ski za Eskil.

Ijumaa mchana, siku mbili kabla ya mbio, Torunn alikuwa amepiga magoti msituni kando ya njia, kipimajoto kimechomekwa kwenye theluji, simu imebanwa kati ya sikio na bega chini ya kofia, upepo ukivuma. Aliyepiga alikuwa Eskil.

Aliyoyasikia Torunn ni haya: "Torunn... Jumapili... watu wote... lakini kwanza... kumi..."

Aliyoyasema Eskil, akiwa amejifungia bafuni hotelini na moyo ukimwenda mbio kuliko mlimani, ni haya: "Torunn, Jumapili ikiisha nataka tuwaambie watu wote. Lakini kwanza niambie ukweli. Moja mpaka kumi, unanipenda ngapi?"

Wakati huohuo Arnfinn akapaza sauti kutoka kwenye lori: "Ngapi, Torunn?"

Torunn alitazama kipimajoto. Ilikuwa namba ile ambayo kila mpakaji nta huiota akaamka akitoka jasho. Theluji ikiwa baridi, nta inashika. Ikiwa na joto kidogo, ipo nta yake. Ikisimama katikati kabisa na theluji mpya inaanguka, hakuna nta iliyobuniwa na binadamu inayoweza kuitii.

"Sifuri!" alipiga kelele. "Sifuri kamili! Tumekwisha!"

Simu ikazimika palepale, kama zinavyozimika simu zote kwenye baridi. Aliitia mfukoni, akarudi kazini.

Kesho yake asubuhi Arnfinn alimwita pembeni, akivuta ndevu.

"Eskil ameomba ski zake ashike mtu mwingine."

"Mtu mwingine nani?"

"Yeyote. Amesema 'yeyote, ila si yeye.' Umemfanya nini?"

"Mimi? Sijamfanya kitu!"

Alipiga simu mara saba. Mara ya nane aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine mfupi zaidi, akaufuta huo pia. Basi kumbe ndiyo hivyo, alijiambia. Jina limetoka gazetini, kichwa kimevimba, sasa mpakaji nta hamfai. Alirudi ndani ya lori akachukua jozi moja ya ski za Eskil ambazo hakuna aliyezitaka, akazigeuza, akaanza kuzipiga msasa kwa hasira. Alikwaruza pale chini ya wayo mpaka plastiki ikaota manyoya madogo yasiyoonekana kwa macho. Hakupaka hata tone la nta.

"Unafanya nini?" Arnfinn aliuliza.

"Nalia."

"Nauliza hizo ski."

"Za kipara, bila nta. Kesho theluji itakuwa sifuri tena. Manyoya haya ndiyo yatakayoshika. Weka hizi kwenye kibanda cha kubadilishia ski njiani, hata kama yeye hazitaki."

"Na kama usiku baridi ikazidi?"

"Basi nitakwenda mimi Rendalen kupasua mbao."

Arnfinn alimwangalia, na ukungu ukaanza kumtoka akilini. Alizibeba mwenyewe.

Jumapili ukungu ulishuka Holmenkollen mzito kama maziwa, na ndani yake theluji ikaanguka kwa matonge makubwa, laini, ya nyuzi sifuri. Watu laki moja walikuwa msituni tangu alfajiri na mahema yao, mioto yao, soseji zao na kengele zao za ng'ombe. Saa saba wanaume sabini wakaondoka kwa pamoja.

Ski alizopakiwa Eskil zilikuwa na nta nzuri sana kwa siku nyingine. Kufikia mzunguko wa tatu theluji ilikuwa imeganda chini yake mabonge kwa mabonge, akawa anatembea kama bibi harusi mwenye visigino virefu kwenye matope. Aliingia kwenye kibanda cha kubadilishia akiwa wa thelathini na moja, ndevu zimeganda, mate yameganda. Aliyekuwa amepiga magoti pale na ski mkononi alikuwa Torunn.

"Wewe?" alihema. "Si ulisema sifuri?"

"Sifuri nini?"

"Nilipokuuliza! Unanipenda ngapi!"

Wanaume wawili, Mfini na Mswisi, walipita kwa kasi. Torunn alibaki mdomo wazi, theluji ikimwingia.

"Uliniuliza hilo? Saa ngapi?"

"Ijumaa! Kwenye simu! Ukasema sifuri kamili, tumekwisha!"

"Eskil, mjinga wewe! Nilikuwa nasoma kipimajoto!"

"Kipimajoto?"

"Arnfinn aliuliza ngapi, nikamjibu! Wewe sikukusikia kabisa!"

"Mtaoana baadaye!" Arnfinn alinguruma kutoka nyuma ya uzio. "Badilisha ski!"

"Kwa hiyo theluji ndiyo sifuri," Eskil alisema, akiingiza kiatu, macho yakianza kung'aa. "Na mimi je?"

"Wewe ni wa thelathini na tatu sasa. Maliza, nitakwambia. Nenda!"

Akaenda.

Torunn hakuweza kubaki pale. Alipanda mbio kati ya miti hadi kwenye mwinuko mkali kuliko yote, akajipenyeza kati ya mahema. Hapakuonekana kitu. Ulikuwapo ukungu tu, na moshi. Kisha kutoka mbali bondeni kengele zikaanza, chache, zikaongezeka, zikapanda mlima kama mvua inavyokuja juu ya mabati, nyumba kwa nyumba, mpaka hewa yote ikawa ni mlio na mti alioushika ukawa unatetemeka. Halafu wakatokea. Kwanza vivuli, halafu watu. Walikuja kwa mstari, wameinama, mvuke ukiwatoka mabegani kama farasi. Walipomfikia alisikia kitu ambacho kwenye televisheni hakisikiki, pumzi zao, na chini ya pumzi ule mkwaruzo mdogo wa ski unaofanana na mtu anayekunja karatasi. Wanaume waliokwisha kwenda kilomita arobaini, wanapanda ukuta, wala hakuna aliyewatuma. Torunn alikuwa anazijua nta zote za dunia. Hiki kilichokuwa kikiwapandisha hakikuwa na tyubu.

Alihesabu. Kumi na tano. Kumi na sita. Wa kumi na saba alikuwa Eskil.

Hakuwa anateleza kurudi nyuma hata kidogo. Kila alipokanyaga, ski ilishika kama imemea pale. Wenzake walikuwa wanapanda kwa kutanua miguu kama mabata, yeye alikwenda moja kwa moja katikati yao, mlio wa kengele ukimfuata. Hakumwona Torunn. Hakumwona mtu yeyote.

"Heia, Eskil!" Torunn alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Heia! Heia!"

Mzee mmoja kando yake, asiyemjua kabisa, alimpa kikombe cha kahawa, kisha akamshika mkono walipokuwa wanakimbia wote wawili kuteremka kuelekea uwanjani.

Eskil aliingia uwanjani wa kumi na moja. Mbele yake alikuwa Mfini yule wa kibandani. Mita mia moja. Mita hamsini. Mita kumi za mwisho Eskil alirusha mguu wa kulia mbele kama mtu anayezuia mlango usifungwe, wakapita mstari pamoja, wakaanguka pamoja, wakalala kwenye theluji wakiwa hawajui nani ametangulia. Waamuzi walitazama picha. Dakika mbili nzima watu laki moja walitazama ubao.

Kumi: Brattås. Kwa ncha ya kiatu.

Torunn alipomfikia alikuwa bado amelala chali, theluji ikimwangukia usoni bila yeye kuifuta. Alimsaidia kusimama. Mikono ya Eskil ilikuwa imekufa ganzi, hakuweza kufungua ski.

"Nimemaliza," alisema. "Sasa sema."

"Ngoja nikufungue kwanza."

Alipiga goti moja, akashika kiatu cha kulia. Kibano kilikuwa kimeganda. Akakivuta, akakipulizia pumzi, akakivuta tena. Ilimchukua muda kugundua kwamba kengele zimenyamaza.

"Torunn," Eskil alinong'ona.

"Nini?"

"Tazama juu."

Kwenye skrini kubwa ya uwanja alikuwapo yeye mwenyewe, mrefu kama jengo la ghorofa nne: goti kwenye theluji, kichwa kimeinuliwa, mkono kwenye mguu wa mwanamume.

"Wanadhani unaniposa," alisema Eskil.

"Nafungua ski!"

"Najua. Lakini wamenyamaza. Umewahi kusikia mahali hapa pakiwa kimya?"

Hakuwahi. Babake alimleta hapa mabegani tangu akiwa na miaka mitatu, na hakuwahi. Kila mtu alikuwa ameshika ulimi wa kengele yake kwa vidole, hadi kule juu msituni ambako ukungu ulianzia. Hata Arnfinn kwenye uzio alikuwa amevua kofia. Torunn alitazama ukimya ule wote, kisha akamtazama mtu mmoja aliyesimama katikati yake, akitetemeka, pua ikimtoka kamasi, mzuri kupita maelezo. Kibano kikafunguka mkononi mwake. Hakuinuka.

"Eskil Brattås," alisema. "Utanioa?"

"Fungua na mguu wa kushoto kwanza, nisije nikaanguka."

Lakini hakungoja wa kushoto. Alimwinamia na ski moja mguuni, wakaanguka wote wawili, na kengele zote zikaachiwa.